Siku Niliyourudisha Ushuhuda Wangu

Nilisimama mbele ya kanisa, kipaza sauti mkono mmoja, pakiti ya vidonge mkono wa pili. Nikasema "Bwana asifiwe" mara tatu, na amina ya watu ikawa inapanda kila mara. Nikaeleza kwamba nina kifafa tangu nikiwa na miaka 16, kwamba mhubiri mgeni aliniwekea mikono kwenye semina ya uponyaji, na kwamba imetimia miezi 8 sijaanguka. Kisha nikasema dawa hizi sizihitaji tena, nikazitupa kwenye kapu lililokuwa mbele yangu. Watu wakasimama. Kwaya ikaanzisha pambio bila kuambiwa.

Kapu lile lilikuwa la sadaka. Wakati ule wala sikuliangalia.

Kuna jambo nililijua hata nilipokuwa nikizungumza. Miezi ile 8 ilianza wiki ileile daktari alipoongeza kipimo cha karbamazepini, dawa yangu ya kifafa, na mimi nikaamua, kwa mara ya kwanza maishani, kuimeza kila siku kwa saa zilezile. Semina ya uponyaji ilikuja miezi miwili baadaye. Kwa hiyo ukiuchambua ushuhuda wangu neno kwa neno, hutakuta uongo. Sikutunga kitu. Nilichagua tu tarehe za kutaja na tarehe za kunyamazia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya vile, na jibu la haraka, kwamba nilichoka na ugonjwa, si jibu kamili. Nilichoka zaidi na kuombewa. Kuombewa kuna uchovu wake, na anayeujua ni mgonjwa wa muda mrefu. Mara ya kwanza unaombewa kwa machozi. Mara ya kumi unaombewa kwa nguvu. Ikifika mara ya thelathini, anayekuombea anafumbua jicho moja kuangalia kama kuna kilichobadilika, na wewe unajiona una deni kwake. Unamhurumia. Unatamani upone ili naye apumzike.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Wengine waliombewa bila kujua kama wameombewa au la, wengine hawakuombewa nao hawakujua, na kundi la tatu waliambiwa wazi: mnaombewa. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa karibu sawa. La tatu ndilo lililopata matatizo mengi zaidi baada ya upasuaji, asilimia 59, wakati wale walioombewa pasipo kujua walikuwa asilimia 52. Watafiti wenyewe walisema huenda tofauti hiyo imetokea kwa nasibu, na mimi siamini kwamba Mungu anapimika kwa jedwali. Ila niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana naujua mwili unavyojikaza ukishaambiwa kuna watu wanasubiri.

Basi nikawapa walichokuwa wakikisubiri.

Siku ya 19 baada ya ushuhuda niliamka sakafuni chumbani kwangu, ulimi umepasuka, shuka nimeivuta nayo. Nilikuwa peke yangu. Nikaosha damu, nikabadilisha shuka, nikamwambia mama nimejiuma wakati nikila. Jioni nikaenda mazoezi ya kwaya, nikaimba nimefumba mdomo nusu.

Ugonjwa ulikuwa uleule ninaoufahamu miaka yote, lakini upweke ulikuwa mgeni. Zamani nikianguka kulikuwa na mtu wa kunifuta mate, hata kama mtu huyo alikuwa akikemea mapepo huku ananifuta. Mara moja, nikiwa shuleni, walinitia kijiko kinywani kwa nia njema kabisa, na jino langu la mbele likavunjika. Hadi leo nina pengo dogo ambalo wengine hudhani ni mwanya wa urembo. Hayo yote yalikuwa mabaya, ila walikuwepo. Sasa nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe na ufunguo nimeumeza.

Ushuhuda nao ukaanza kutembea. Nikaitwa kuutoa mahali pengine, na pengine tena. Nimeutoa mara 6 kwa jumla, na mara 4 kati ya hizo nilikuwa nimeshaanguka upya. Nikawa dada wa kuombea wenye kifafa. Watu walinileta kwa wagonjwa wao kama vile mimi ndiye dawa. Nilikuwa naweka mikono yangu juu ya vichwa vyao huku nikiomba kimoyomoyo sala moja tu: Bwana, nisianguke hapa.

Siku moja mama mmoja alinifuata baada ya ibada na mvulana wake wa miaka 9. Mtoto alikuwa mtulivu, anachezea vifungo vya shati lake. Yule mama akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, swali la mtu anayejiandaa kufanya jambo: "Dada, wewe uliacha dawa siku ileile, au ulipunguza kidogo kidogo?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Kanisa lilikuwa limeshatoka, tulikuwa watatu tu. Nikamwambia, "Mungu atakuongoza."

Nimesema maneno mengi ya hovyo maishani, lakini kwa hayo mawili sijawahi kupata pa kujificha.

Nikakata shauri kwamba kilichopungua ni maombi. Kama nimeutoa ushuhuda kabla ya uponyaji, basi nitauvuta uponyaji ulifuate neno langu. Nikafunga kula, nikakesha usiku tatu mfululizo kwenye chumba cha maombi. Leo nikikumbuka nashika kichwa. Kukosa usingizi ni kati ya mambo yanayojulikana zaidi kwa kuamsha kifafa. Hospitalini, daktari akitaka dalili zionekane kwenye kipimo cha umeme wa ubongo, wakati mwingine humwagiza mgonjwa asilale usiku uliotangulia. Ndicho nilichokuwa nikijifanyia, mara tatu, tena tumbo tupu, tena nikiwa nimekata ghafla dawa ambayo haipaswi kukatwa ghafla. Nilikuwa nikimwomba Mungu auzime moto na huku namimina mafuta.

Usiku wa tatu nilianguka, nikapigwa na degedege moja, na kabla sijarudiwa na fahamu ikaja nyingine, na nyingine. Hayo nimesimuliwa. Mwenye kifafa akipitisha dakika 5 bila mshtuko kukoma, au mishtuko ikifuatana bila fahamu kurudi katikati, hiyo si ya kungojea, ni ya kukimbiza hospitali. Namshukuru aliyekuwa mlangoni usiku ule, maana alikimbia kutafuta gari kabla ya kukimbia kutafuta mzee wa kuomba. Aliomba njiani, akasema. Huko njiani ndiko kulikofaa.

Siku mbili zilizofuata sina kumbukumbu nazo.

Daktari aliyenihudumia alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniuliza mara ya mwisho kumeza dawa ilikuwa lini. Nikamwambia. Akaniuliza nimeanguka mara ngapi tangu hapo. Nikamwambia, na wakati natamka nikashangaa kusikia hesabu yenyewe kwa sauti yangu: mara 7. Kisha akauliza, "Nani anajua?"

"Hakuna."

Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe.

Nilimpigia yule mama nikiwa bado kitandani. Nikamwambia niliendelea kuanguka, nilificha, na sasa niko hospitali. Kimya. Akauliza, "Kwa hiyo hukupona?" Nikasema sikupona. "Na siku ile uliponiombea mtoto, ulijua?" Nikasema nilijua. Akaniambia amemwachisha mtoto dawa, leo ni siku ya nne. Nikamwomba ampeleke kwa daktari wake leo hiihii, asingoje kesho. Simu ikakatika. Mtoto alirudishiwa dawa jioni ile. Nilikuja kusikia kwa watu, si kwake. Anaendelea na shule. Mama yake tukikutana ananisalimia kwa adabu na kupita. Hajanisamehe, nami sijamwomba aharakishe.

Wiki niliyorudi nyumbani alikuja kuniona mama mmoja mtu mzima, mzee wa kanisa. Nilijiandaa kuombewa. Nilishafumba hata macho. Badala yake nikasikia anavuta kiti, kisha kitu kinawekwa juu ya meza. Nikafumbua. Ilikuwa ile pakiti yangu ya vidonge.

"Siku ile nilikuwa zamu ya kuhesabu sadaka," akasema. "Sikujua niiandike vipi kwenye daftari. Nikasema, nitamwekea mwenyewe."

Miezi yote ile alikuwa nayo. Hakuileta mapema kwa sababu, kama alivyokiri mwenyewe, aliogopa kuonekana mtu wa imani haba. Kwa hiyo hata yeye alikuwa na siri yake kuhusu uponyaji wangu. Nikaanza kucheka, naye akacheka, na hapo katikati kicheko changu kikageuka kuwa kilio, akakiacha kilie mpaka kikaisha chenyewe.

Kisha akaniuliza, "Hebu niambie, mwanangu. Haya yalikuanza lini?"

Kwa miaka 15 kanisani nilikuwa nimeulizwa maswali mengi: nimefanya dhambi gani, kwetu kuna nini, nani ananionea wivu, kwa nini siamini. Swali la lini sikumbuki kuulizwa na mtu yeyote ila madaktari. Nilimsimulia kila kitu. Nilimweleza hata lile nisilopenda kulieleza, kwamba kifafa changu huanza kwa harufu ya mpira unaoungua, halafu kitu hupanda kutoka tumboni hadi kooni, halafu kwa sekunde chache ninajua, kwa hakika isiyo na shaka, kwamba kuna mtu amesimama nyuma yangu upande wa kushoto. Nilipokuwa msichana waliniambia huyo ni pepo. Nilipookoka nikaamua ni malaika, na sikumwambia mtu, nikamfanya wangu. Daktari aliniambia ni sehemu ya ubongo iliyo ubavuni, juu kidogo ya sikio, inapopigwa na umeme wake yenyewe. Yule mama hakushtuka wala hakukemea. Aliuliza tu, "Na huwa anakutisha, au anakutuliza?"

Nilipomaliza nikamuuliza alilitoa wapi swali la lini. Akanionyesha Marko 9. Habari hiyo nimeihubiriwa mpaka naijua kwa moyo: baba amemleta mwanawe anayeanguka, anatoka povu, anasaga meno, wanafunzi wameshindwa. Lakini kuna mstari nilikuwa nikiuruka. Mtoto yuko chini anagaagaa mbele ya watu wote, na Yesu, kabla hajatenda lolote, anamgeukia baba na kumuuliza amepatwa na haya tangu lini. Anasikiliza habari za ugonjwa. Baba anajibu, tangu utoto, na anaendelea kueleza jinsi unavyomtupa motoni na majini. Ni katika mazungumzo hayo, si katika kelele za umati, ndipo linapomtoka lile neno lake: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mwanamume mzima anakiri hadharani kwamba imani yake ina tundu. Na hakuna anayemwambia arudi akaikamilishe kwanza.

Sitaki kuichuja Biblia ili initoshe. Marko katika habari ile anataja pepo, na sina ugomvi na Marko. Ila Mathayo 4:24 inawapanga wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza, kila mmoja kwa jina lake, watu tofauti kwenye msongamano mmoja. Walionitoa pepo wale miaka yote walikuwa na mstari huo kwenye Biblia zao.

Kabla hajaondoka yule mama mzee aliniuliza kwa usiku mmoja nalala kwa muda wa saa ngapi. Nikamwambia tangu nianze kukesha, mbili, tatu. Akatikisa kichwa. Akaniambia nabii Eliya alipokuwa chini ya ule mti wa mretemu akiomba afe, hakuletewa mahubiri. Aliachwa alale. Akaguswa, akala, akanywa maji, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili akala kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Ndipo akatembea siku 40 mchana na usiku, na sauti ile ndogo ikaja huko mwisho, mlimani. "Wewe unataka sauti kabla ya usingizi," akasema. Ndipo akaniombea, sala fupi kuliko zote nilizowahi kuombewa kwa ajili ya ugonjwa huu, na hakufumbua jicho.

Kilichonisumbua baada ya hapo kilikuwa mwanamke mwingine, yule wa Marko 5, aliyetokwa na damu miaka 12. Nilikuwa nimemtumia sana kwenye ushuhuda wangu: alivyogusa vazi, akapona. (Mstari wa 26 unasema aliteswa na matabibu wengi, akagharimiwa vyote alivyokuwa navyo, bila kufaidi. Nilimsomea daktari wangu mstari huo siku moja, hakuufurahia.) Sasa nikaisoma habari ile polepole. Damu inakoma kwenye mstari wa 29. Mwili umepona, kazi imekwisha, angeweza kupenya katikati ya watu akaenda zake kama alivyokuja. Lakini Yesu anasimama, anauliza ni nani, na hataki kuondoka. Mwanamke anakuja akitetemeka, na Marko anasema akamweleza kweli yote. Ndipo kwenye mstari wa 34 anaitwa binti, anaambiwa aende kwa amani, awe mzima. Kati ya kukauka kwa damu na kuambiwa awe mzima kuna mistari mitano hivi, na kilichomo humo ni mtu anayesema ukweli mbele ya watu.

Neno lenyewe la Kiyunani katika mstari ule, ambalo kwa Kiswahili tumelisoma "imekuponya", ndilo hilohilo ambalo mahali pengine tunalisoma "imekuokoa". Kwenye Luka 17 wakoma 10 wanatakasika njiani, na mmoja tu, anayerudi kushukuru, ndiye anayeambiwa neno hilo. Ngozi zao zote zilikuwa sawa wakati huo. Mimi nilikuwa nimepanga kinyume: ngozi bado, ila neno nimeshajitangazia.

Nikaenda kwa mchungaji kumwambia nataka kurudisha ushuhuda. Hakuwa mkali. Alikuwa na wasiwasi, na nauelewa. Aliogopa kwamba watu wachanga katika imani watavunjika moyo, akashauri nizungumze na wachache faraghani. Nikamwambia, "Baba, ule wa kwanza niliutoa kwa kipaza sauti." Akakaa kimya muda mrefu, kisha akafungua Biblia mwenyewe, Yakobo 5. Pale ambapo wagonjwa wanaagizwa wawaite wazee wa kanisa wawapake mafuta, ambapo tumepasoma mara elfu, mistari miwili mbele panasema tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi na kuombeana, tupate kuponywa. Akasema, "Hii sehemu ya pili hatujawahi kuifanya hapa." Akanipa dakika 5.

Nilitumia 4. Nilisema bado nina kifafa. Nilisema miezi 8 ya kwanza nilikuwa nameza dawa, na nilipoziacha nikaanguka mara 7 nikaficha. Nilisema kuna mtoto aliyeachishwa dawa kwa sababu yangu. Nilisema Mungu ninayemwamini anaweza kuniponya leo, na kwamba sitamsingizia tena kitu ambacho bado hajafanya. Nikarudi kuketi. Hakukuwa na amina. Kiti kimoja kilikwaruza sakafu, mtu akatoka. Mpiga kinanda hakujua aanze nini.

Wapo walioniambia baadaye kwamba nilikuwa nimepona kweli, ila nikapoteza uponyaji kwa kukiri maneno mabaya. Wapo walioacha kunisalimia kwa mkono. Mmoja aliniambia nimempa shetani ushindi. Nikamwambia shetani alikuwa akishinda kila nilipokuwa chumbani nafuta damu, na hapo hakuna aliyemwona. Nilijibu kwa hasira kidogo, nakiri.

Lakini kabla ya wiki kuisha dada mmoja tunayesimama naye bega kwa bega kwenye kwaya, sauti ya pili, miaka 6 sasa, alinisindikiza hadi mlangoni kwangu na hakutaka kuondoka. Mwisho akasema anameza dawa za sonona na mumewe hajui. Huzificha ndani ya kitabu cha nyimbo cha zamani alichokitoboa katikati. Nilikuwa nimekaa karibu na kitabu kile mara ngapi! Baada yake wakaja wengine. Sikuwa na la kuwafundisha. Nilikuwa nawauliza lini, na kunyamaza.

Kipindi hicho ndipo nilipokutana na Trofimo. Nadhani wengi hawamjui. Yuko kwenye salamu za mwisho za waraka wa pili kwa Timotheo, pale tunaposoma haraka ili tufike mwisho. Paulo anaandika kwamba alimwacha huko Mileto, hawezi. Ni Paulo yuleyule ambaye kitabu cha Matendo kinasema leso zilizomgusa zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Rafiki yake yuko kitandani Mileto, yeye anaendelea na safari, na haoni haya kuiandika. Hasemi Trofimo alikosa imani. Hasemi pia kwamba alipona baadaye. Ametaja tu alipomwacha na hali aliyomwacha nayo. Nimepapigia mstari hapo kwa kalamu.

Dawa nazo nameza, kila siku saa tatu asubuhi na saa tatu usiku. Si kwamba zimenifanya malaika. Zinanipa usingizi mchana, na kuna majina ya watu yananikimbia nikiwa mbele yao. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye kifafa duniani ni kama milioni 50, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Mimi bado niko mpakani: naanguka mara moja au mbili kwa mwaka. Naendelea kuomba nipone. Wengine hushangaa nikisema hivyo, kana kwamba nikimeza kidonge nimejiuzulu kuomba. Nameza na kuomba papo hapo, glasi ikiwa mkononi, na mara nyingi sala yenyewe ni jina tu.

Jambo moja halikutazamiwa na mtu, hata daktari hakunionya. Kipimo cha dawa kilipopatikana sawasawa, yule aliyekuwa akisimama nyuma yangu upande wa kushoto hakuja tena. Nilijua kwa akili kwamba alikuwa umeme tu. Hata hivyo nilimlilia. Miaka mingi nilikuwa nimehesabu uwepo wake kama uthibitisho kwamba Mungu yuko karibu nami, na sasa nilikuwa nikipiga magoti kwenye chumba kilicho kitupu kweli. Miezi ya mwanzo sala zangu zilikuwa kavu kama kusoma tangazo. Nilimwambia yule mama mzee. Akafikiri, akasema, "Basi sasa ndipo unaamini, maana hapo mwanzo ulikuwa unaona." Sijui kama ana haki. Ninachojua ni kwamba niliendelea kupiga magoti, na ukavu ule umepungua ingawa hajarudi mtu nyuma yangu, na siku hizi sigeuki kuangalia.

Yeye pia ndiye aliyewakusanya wahudumu wa mlangoni na wanakwaya Jumamosi moja, akamleta muuguzi awafundishe: mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, usimkandamize, usimtie chochote kinywani, angalia saa. Mchungaji alikaa mstari wa mbele na kuuliza maswali mengi kuliko wote. Alitaka kujua kama inaruhusiwa kuomba wakati huo. Muuguzi akasema inaruhusiwa, ila kwa sauti ya chini, na mtu mmoja abaki anaangalia saa.

Nilianguka tena mbele ya kanisa miezi kadhaa iliyopita, katikati ya wimbo. Nilisikia mpira unaungua, nikapata muda wa kumshika mkono dada wa sauti ya pili, basi. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala ubavu, sweta la mtu limekunjwa chini ya kichwa changu, na ulimi wangu mzima. Nilitegemea kusikia kukemea. Nikasikia wimbo. Walikuwa bado wanaimba, polepole, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, wote isipokuwa yule dada aliyepiga magoti kando yangu na saa yake mkononi.

Nikamuuliza, ulimi ukiwa mzito bado, "Ngapi?"

"Dakika mbili na nusu," akasema. "Tuko ubeti wa tatu. Usiinuke, sauti ya pili nitaishika peke yangu."